Mungu wa Kike Asiye na Sungura: Dhana Potofu Kuhusu Pasaka ya Wajerumani

Kila mwaka Kwaresima inapokaribia kwisha, ujumbe ule ule huzunguka tena katika makundi ya WhatsApp: kwamba Pasaka ni sikukuu ya mungu wa kike aitwaye Ishtar au Ostara, kwamba mayai na sungura ni alama zake za uzazi, na kwamba Mkristo anayepaka yai rangi anaabudu miungu ya Babeli bila kujua. Lawama hiyo huziangukia zaidi desturi za nchi zinazosema Kijerumani, yaani Ujerumani, Austria na sehemu kubwa ya Uswisi, kwa kuwa huko ndiko alikotokea sungura wa Pasaka. Nyingi kati ya desturi hizo zinaweza kufuatiliwa kwa tarehe na kwa mahali, na anayezifuatilia hukutana mara nyingi zaidi na kalenda ya Kanisa, ghala la mkulima na vitabu vya karne ya 19 kuliko na mahekalu ya kale.

Dhana: jina la sikukuu linathibitisha asili ya kipagani

Ishtar tunaweza kumweka kando mapema. Kufanana kwa jina lake na jina la Kiingereza la Pasaka, Easter, ni kufanana kwa sauti tu, na Wajerumani wenyewe husema Ostern, neno lenye mzizi mmoja na Osten, yaani mashariki, upande linakochomoza jua. Isitoshe, sikukuu ni ya zamani kuliko jina hilo. Askofu Melito wa Sardi alihubiri juu yake kwa Kigiriki katika karne ya 2, wakati makabila mengi ya Kijerumani yalikuwa bado na karne kadhaa kabla ya kubatizwa, naye aliiita Pascha, neno lililotokana na Pesakh ya Wayahudi na ambalo ndilo Pasaka yetu. Jina ambalo watu wa kaskazini waliipa sikukuu baada ya kuipokea haliwezi kuwa chanzo chake.

Suala la Ostara linahitaji uangalifu zaidi. Mwaka 725 mtawa Beda, aliyeishi kaskazini mwa Uingereza, aliandika kwamba mwezi wa Pasaka uliitwa Eosturmonath kwa jina la mungu wa kike Eostre, ambaye zamani alifanyiwa sherehe katika mwezi huo. Habari yake ni fupi mno, wala ndani yake hamna yai, sungura, moto wala maji. Zaidi ya miaka 1,100 baadaye, mwaka 1835, mwanaisimu Jacob Grimm alichapisha kitabu chake kikubwa juu ya imani za kale za Wajerumani, na humo akakisia kwamba ikiwa Waingereza walikuwa na Eostre, basi Wajerumani nao lazima walikuwa na Ostara. Mwaka 1874 Adolf Holtzmann akaongeza kwamba sungura wa Pasaka kwake ni kitendawili, ila huenda alikuwa mnyama wa Ostara. Hiyo "huenda" ilipotea njiani, na kilichokuwa dhana ya msomi kikageuka kuwa historia.

Haki inatutaka tuseme pia kwamba Beda hakuwa lazima anabuni. Mwaka 1958, karibu na Morken-Harff magharibi mwa Ujerumani, yalipatikana mawe zaidi ya 150 ya zama za Warumi yaliyowekwa wakfu kwa miungu ya kike inayoitwa matronae Austriahenae, jina linaloelekea kuwa na undugu na Eostre. Kwa hiyo mungu mwenye jina la namna hiyo anaweza kweli kuwa aliabudiwa mahali fulani. Lakini ushahidi wa jina si ushahidi wa sungura.

Dhana: sungura ni alama ya kale sana

Umri wa sungura wa Pasaka unajulikana vizuri zaidi. Tabibu Georg Franck von Franckenau wa Heidelberg alimwandika mwaka 1682 katika maandishi ya Kilatini juu ya mayai ya Pasaka, akieleza kwamba huko Alsace, ambako leo ni mashariki mwa Ufaransa, na maeneo ya jirani watoto huambiwa kuwa sungura ndiye anayetaga mayai na kuyaficha katika nyasi na vichaka vya bustani, nao huenda kuyasaka huku wakubwa wakicheka. Kilichomshughulisha tabibu huyo hakikuwa upagani hata kidogo, bali madhara ya kula mayai mengi kupita kiasi. Katika karne ya 18 wahamiaji wa Kijerumani walimpeleka sungura huyo Pennsylvania, Marekani.

Sungura wala hakuwa peke yake. Sehemu za Westfalia mletaji wa mayai alikuwa mbweha, sehemu za Uswisi alikuwa ndege kekeo, kwingine jogoo au korongo, na katika vijiji vingi vya Kikatoliki kazi hiyo ilipewa kengele za kanisa. Kengele hunyamaza tangu Alhamisi Kuu mpaka Mkesha wa Pasaka, na watoto huambiwa kwamba zimeruka kwenda Roma. Katika vijiji vya Austria watoto hushika nafasi yao wakizunguka na vyombo vya mbao vinavyokereza, ili kuwaita watu kusali. Kama sungura angekuwa masalia ya ibada moja ya kale, ni vigumu kueleza kwa nini kila wilaya ilimwajiri mnyama wake.

Hapa Kiswahili nacho hutupotosha kidogo. Sisi tunasema sungura kwa wote wawili, lakini Mjerumani hutofautisha Kaninchen, yule anayefugwa na kuchimba mashimo, na Hase, yule wa mashambani mwenye masikio marefu, asiyechimba shimo bali hulala katika kishimo kidogo cha nyasi. Wa Pasaka ni Hase.

Dhana: yai la Pasaka ni alama ya uzazi na basi

Maelezo ya alama hupendeza, lakini huyapita mambo ya jikoni. Kanisa la Magharibi katika Zama za Kati lilikataza mayai wakati wa Kwaresima pamoja na nyama. Kuku hawakupewa taarifa hiyo, na ndiyo kwanza majira ya kuchipua yanawafanya watage kwa bidii. Mkulima alijikuta na mayai ya wiki sita, akachemsha mengi ili yasiharibike, na Pasaka ilipofika yakapelekwa kanisani kubarikiwa pamoja na vyakula vingine vilivyokuwa vimekatazwa. Pasaka ilikuwa pia moja ya tarehe za kulipa kodi ya ardhi, na sehemu ya kodi hiyo ililipwa kwa mayai hayo hayo. Rangi iliyopendwa zaidi, nyekundu, ilielezwa kanisani kuwa damu ya Kristo, na nyumbani ilipatikana kwa kuchemsha mayai na maganda ya vitunguu, ambayo huyapa wekundu wa kahawia.

Anayetaka kuona yai likiwa yai tu, bila fumbo lolote, aende Zürich Jumatatu ya Pasaka, karibu na mto Limmat, kwenye mchezo uitwao Zwänzgerle. Mtoto hushika yai lililochemshwa, na mtu mzima hulilenga kwa sarafu ya senti 20 za Uswisi. Sarafu ikikita na kubaki ndani ya yai, yai ni la mtu mzima. Ikigonga ganda na kuanguka, sarafu ni ya mtoto. Kwa kuwa sarafu nyepesi haikiti kirahisi, watoto huondoka na mifuko inayolia.

Dhana: moto na visima ni ibada za kale zilizobatizwa

Mioto mikubwa ya Jumamosi Kuu usiku, na magurudumu sita ya mbao yanayojazwa majani makavu, kuwashwa na kuviringishwa mlimani katika mji wa Lügde, Ujerumani, hutajwa daima kama mabaki ya ibada ya jua. Pengine yapo mabaki fulani. Hata hivyo Kanisa lilikuwa na moto wake wa Pasaka mapema sana: mwaka 751 Papa Zakaria alimwandikia Bonifasi, mmisionari wa Wajerumani, akijibu swali lake kuhusu moto huo.

Visima ndivyo mfano bora wa desturi changa inayovaa mvi. Katika vilima vya Franconia, kaskazini mwa Bavaria, visima vya vijiji hupambwa kwa matawi ya kijani na maelfu ya maganda ya mayai yaliyopakwa rangi, na wageni huelezwa habari za ibada za maji za mababu. Desturi hiyo inafuatiliwa hadi mwanzoni mwa karne ya 20 katika eneo la Aufseß, na utalii ndio uliokuja kuikuza.

Dhana: Wajerumani wote husherehekea namna moja

Maandamano maarufu ya farasi ya Jumapili ya Pasaka huko Lusatia, ambamo wanaume waliovaa makoti meusi na kofia ndefu hutangaza ufufuko kijiji hadi kijiji, si ya Wajerumani kwa asili yake. Ni ya Wasorbi, taifa dogo la Kislavi la mashariki mwa Ujerumani, nao huimba kwa lugha yao. Ijumaa Kuu, iitwayo Karfreitag kutokana na neno la kale kara lenye maana ya maombolezo, ni siku ya mapumziko Ujerumani nzima, na majimbo mengi hukataza dansi siku hiyo. Austria, nchi ya Wakatoliki wengi, haiipi siku hiyo hadhi hiyo: ilikuwa mapumziko kwa Waprotestanti na makanisa mengine machache tu, mpaka mahakama ya Umoja wa Ulaya ilipoona mwaka 2019 kwamba huo ni ubaguzi, na serikali ikaifuta hata kwao.

Dhana: kwetu haikufika ila chokoleti

Mwaka 1732, huko Herrnhut katika Saxony, ndugu vijana wa jumuiya ya Wamoravian walikwenda makaburini alfajiri ya Pasaka kuimba ufufuko mbele ya waliolala. Ibada hiyo ikawa ya Wamoravian wote, na wamisionari wao waliofika Rungwe mwaka 1891 walikuja nayo. Mpaka leo waumini wa kanisa hilo kusini mwa Tanzania huamka kungali giza siku ya Pasaka na kwenda kuimba katikati ya makaburi, wakingoja jua litoke.