Ukanda wa mwanga baharini si mita 200

Ukanda wa mwanga ni tabaka la juu la bahari ambamo jua linatosha mimea kufanya usanisinuru, yaani kujitengenezea chakula kwa mwanga. Maana ni hiyo. Kinachoudhi ni nyongeza inayofuata karibu kila mara: "yaani mita 200 za juu," kana kwamba kuna mstari uliochorwa majini.

Ukanda huu hupimwa kwa mwanga. Mpaka wake wa chini huwekwa pale inapobaki asilimia 1 ya mwanga ulioingia majini. Katika bahari kuu yenye maji maangavu, mpaka huo hupita mita 100. Penye tope la mto, mita chache tu na mwanga umekwisha. Mita 200 hukaribiwa na maji maangavu kuliko yote, kama ya katikati ya Pasifiki ya kusini.

Tena hiyo asilimia 1 ni kipimo cha vijimea vinavyoelea. Nyasi za baharini hulazimika kulisha mizizi yao iliyo ndani ya tope lisilo na oksijeni, hivyo nyingi huhitaji yapata asilimia 10 au zaidi. Hapo ndipo hesabu ya mita 200 inapopotosha hasa, maana mwanga hupungua kwa uwiano: asilimia 1 ikiwa kwenye mita 40, asilimia 10 iko kwenye mita 20. Mbolea ikishuka na mto, vijimea vya juu hustawi na kuziba jua. Asilimia 1 ikipanda hadi mita 20, nyasi zilizo kwenye kina kinachozidi mita 10 zinaanza kufa, ingawa kwa kauli ya mita 200 bado zimo "ndani ya mwanga". Upande wa pili, huko Bahamas mwaka 1984 ulipatikana mwani mwekundu ulioota kwenye mita 268!

Wanyama nao wamo. Hori la Lurefjorden, Norwei, lina maji yenye giza kuliko mahori jirani, na humo yavuyavu wa kina kirefu wamejaa mahali ambapo tungetarajia samaki. Samaki wengi huwinda kwa macho. Yavuyavu hana haja ya kuona windo lake.

Basi anayetaja mita na ataje pia ni maji gani, msimu gani, na kwa kiumbe gani.