Pancha ya nyuma: ziangalie raba za habu kabla ya kurudisha tairi

Kwenye pikipiki nyingi zinazofanya kazi ya bodaboda Mtwara na Lindi, spoketi ya nyuma (gurudumu la meno linalozungushwa na cheni) haijafungwa moja kwa moja kwenye habu, yaani kitovu cha tairi. Imefungwa kwenye kibebeo chake, na kibebeo hicho kina meno mapana yanayoingia kwenye vyumba vilivyo ubavuni mwa habu, mithili ya vidole vya mikono miwili vilivyopishanishwa. Kati ya jino na ukuta wa chumba hukaa raba. Nguvu inayokuja na cheni hufika kwenye spoketi, hupita kwenye raba, ndipo inalisukuma tairi. Njia nyingine haipo. Gunia la korosho linalopelekwa ghalani, mama na watoto wanaowahi zahanati, hata ile mishikaki ya abiria zaidi ya mmoja ambayo sheria inaikataza na sote tunaiona barabarani, vyote vinasukumwa na vipande vya mpira vinavyoenea kiganjani.

Kwa nini mpira na si chuma? Injini ya silinda moja ya mizunguko minne huchoma mafuta mara moja tu katika kila mizunguko miwili ya krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, hupiga mapigo 2,500, yaani zaidi ya 40 kwa sekunde, na kati ya pigo na pigo hakuna kinachosukuma isipokuwa ule uzito unaozunguka. Raba hubonyea pigo linapokuja na kurudi linapopita. Zikiwa zimekufa, mapigo hayo humalizikia kwenye cheni, kwenye meno ya spoketi, kwenye gia na kwenye spoku. Dereva anaanza kununua cheni mara kwa mara na kumlaumu muuza duka kwamba anauza feki. Wakati mwingine ni kweli ni feki. Mara nyingi, kabla ya kugombana dukani, ingefaa aifungue habu kwanza.

Na nafasi ya kuifungua anayo, kwa sababu hakuna mwendesha bodaboda asiyepata pancha. Pikipiki nyingi za aina hii zina nati kubwa upande wa cheni inayoshika bushi (kipande cha bomba la chuma) ya spoketi, mbali na nati ya ekseli yenyewe. Hiyo ndiyo inayofanya tairi litoke peke yake: fundi analegeza nati ya ekseli, anaichomoa ekseli, anaondoa bushi ya upande wa breki na kuiachia sahani ya breki (bamba linalobeba brekshuu), kisha analivuta tairi pembeni mpaka liachane na meno ya kibebeo. Cheni na spoketi vinabaki vimening'inia mahali pake. Ni utaratibu mzuri, unaokoa muda, na cheni haipotezi mstari wake. Lakini maana yake ni kwamba kila pancha ya nyuma inaziacha raba wazi, na kila mara zinarudishwa na mtu ambaye macho yake yapo kwenye tyubu.

Basi tairi likitoka, kabla hata ya kutafuta tundu, geuza habu juu na uzitazame. Raba nzima ina kingo zilizonyooka na imekaa chumbani kwa kubana. Iliyochoka imeliwa upande mmoja, ule unaosukumwa na jino wakati wa kuvuta mafuta, na chini yake utakuta unga mweusi. Iliyopasuka hukatika ukiikunja kwa vidole. Tairi likiwa bado limefungwa, unaweza kupima kwa mkono: weka pikipiki kwenye stendi kubwa, likamate tairi lisitembee, kisha isukume spoketi mbele na nyuma. Kucheza kidogo sana hakuna neno. Ikigonga ko-ko, raba zimekwisha. Dereva mwenyewe huisikia njiani kama kishindo chini ya kiti kila anapoachia mafuta na kuvuta tena, hasa kwenye mchanga wa Tandahimba ambako mkono haukai sawa hata kidogo.

Raba hubadilishwa zote kwa pamoja. Ukichanganya mpya na za zamani, mpya ndizo zinazobeba mzigo wote na zinakufa mapema. Kuna mafundi wanaozigeuza ili upande usioliwa ufanye kazi. Hilo linakubalika kama pande zake zinafanana kabisa. Kama upande mmoja ni mnene na mwingine mwembamba, kila upande una kazi yake, usizigeuze.

Sasa tunakuja kwenye kufunga, na hapa ndipo kwenye uharibifu mwingi. Safisha vyumba vya habu kwa kitambaa kikavu, toa mchanga wote. Usioshe kwa petroli wala dizeli, na usipake grisi ili raba ziteleze. Mafuta ya petroli huuvimbisha mpira na kuulainisha. Maji ya sabuni kidogo yanatosha, nayo hukauka. Ingiza raba zote mpaka zilale chini kabisa, kisha sogeza tairi na ulisukume kwa mikono mpaka meno yazame yote. Raba mpya zitakubania. Lizungushe kidogo huku unasukuma, gonga kwa nyundo ya mbao ikibidi.

Jambo la kukataa kabisa ni kulivuta tairi kwa nati. Fundi mwenye haraka huingiza meno nusu, anapitisha ekseli, halafu anakaza kwa spana ndefu akitegemea nati imalizie. Jino linapanda juu ya raba na kuibana kwenye ukingo, beringi zinasukumwa kwa upande, na tairi linakaa limepinda. Baada ya siku chache dereva anaambiwa beringi mbovu. Kabla ya kupitisha ekseli, hakikisha pia bushi ndefu iliyo katikati ya habu, kati ya beringi mbili, ipo. Bila hiyo, kukaza nati ni kuziponda beringi.

Vipande vya ndala na tyubu vinavyochomekwa kwenye vyumba vya habu navijua, na sioni ajabu mtu akikwama Nangurukuru usiku akafanya hivyo afike nyumbani. Shida ni kwamba vinabaki humo mwezi mzima. Kipande kimoja kikiwa kinene kuliko kingine, jino moja ndilo linalosukuma na mengine yanasindikiza, mpaka kibebeo kinapasuka.

Mwisho ni breki, ambayo haihusiani na raba lakini hufunguliwa pamoja nazo. Kuna chuma kinachoishika sahani ya breki isizunguke na tairi. Kikisahaulika, au boliti yake ikarudishwa bila pini, siku utakayokanyaga breki kwa nguvu sahani itazunguka, itavuta waya au fimbo ya breki, na tairi linaweza kujifunga ghafla ukiwa kwenye mwendo. Kirudishe kabla ya kukaza nati ya ekseli na uweke pini mpya. Kisha zungusha tairi uone kama linakwenda sawa, kanyaga breki, na upime cheni katikati ya upande wa chini: kwa pikipiki nyingi ndogo inatakiwa icheze kati ya milimita 20 na 30, ila kitabu cha pikipiki yako kikitaja kipimo kingine, fuata kitabu. Raba mpya hujikalia vizuri zikishabeba mzigo, kwa hiyo ukirudi kijiweni baada ya safari za siku ya kwanza, shika spana uikague tena nati ya ekseli na uipime cheni upya.