Hesabu siku za notisi kabla dalali hajapiga nyundo

Wengi hutujia na kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nne, tangazo la mnada wa nyumba yao. Kabla ya kuuliza deni ni kiasi gani, tunauliza notisi ziko wapi.

Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 hairuhusu nyumba iliyowekwa rehani kuuzwa kwa sababu tu umekosa kulipa. Deni likikaa mwezi mmoja, mkopeshaji hukupa notisi inayotaja kiasi cha kulipa na muda usiopungua miezi 3. Muda huo ukipita bila wewe kulipa, anatoa notisi ya kuuza, siku 40 au zaidi, na nakala lazima imfikie mume au mke wako, na mdhamini pia. Dalali naye ana notisi yake ya siku 45, kisha tangazo la gazetini litangulie mnada kwa siku zisizopungua 14.

Chukua kalenda uandike kila barua ilikufikia lini. Hatua ikirukwa, una hoja nzito ya kuomba zuio la mahakama. Lakini kubishania riba peke yake kwa kawaida hakusimamishi mnada. Tangu kesi ya Giella ya 1973, iliyoweka masharti ya kupata zuio, mahakama huuliza kama kesi yako ina msingi na kama hasara yako haiwezi kufidiwa kwa fedha. Hapo ndipo wengi hukwama, maana nyumba uliyoiweka rehani mwenyewe huhesabiwa kuwa mali yenye bei yake, yaani hasara yake inaweza kufidiwa kwa fedha.

Nyumba ya ndoa ina kinga ya ziada: bila sahihi au ridhaa ya mwenzi anayeishi humo, rehani si halali. Tena lazima nyumba ithaminiwe kabla ya kuuzwa. Ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, mkopeshaji ndiye wa kuthibitisha kwamba alitafuta bei nzuri.

Ukiona kabisa hutaweza kulipa, omba idhini uuze mwenyewe mapema. Mara nyingi utapata bei nzuri kuliko ya mnadani. Nyundo ikishapigwa, haki ya kuikomboa nyumba imekwisha, na aliyeinunua kwa nia njema analindwa na sheria. Wewe hubaki kudai fidia tu.

Na kama ulibadilisha sanduku la posta, mpelekee mkopeshaji anwani mpya kwa barua leo, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Tumeona notisi halali kabisa zikilala miezi kwenye sanduku ambalo mwenyewe alishaliacha.