"Pingili Zimesagika" na Dhana Nyingine Kuhusu Maumivu Sugu ya Mgongo

Maumivu yakipita miezi mitatu huitwa sugu, na ya mgongo ndiyo yanayoongoza duniani kwa kuwazuia watu kufanya shughuli zao. Wengi hufika kliniki na bahasha kubwa ya picha mkononi.

Dhana: Kipimo kimeonyesha pingili zimesagika, kwa hiyo maumivu yanatoka hapo.

Pengine ndiyo, pengine sivyo. Mwaka 2015 watafiti walijumlisha vipimo vya watu zaidi ya 3,000 wasio na maumivu yoyote ya mgongo. Kwa wenye miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski (mito laini iliyo kati ya pingili) zilizochakaa. Kwa wenye miaka 50 ilikuwa asilimia 80, na wa miaka 80 karibu wote. Diski huchakaa kama kichwa kinavyoota mvi. Ila mgonjwa akishaambiwa "zimesagika", haokoti tena hata kijiko kilichoanguka chini, misuli inalegea, na maumivu yanazidi. Kwa maoni yangu, ripoti ya MRI (kipimo cha picha za ndani ya mwili) ikikabidhiwa bila maelezo inaweza kumuumiza mtu kuliko hiyo diski yenyewe.

Wapo wanaohitaji picha bila kuchelewa. Mguu kupoteza nguvu, ganzi sehemu za siri, kushindwa kukojoa au kuzuia mkojo: hospitali siku hiyohiyo. Homa zisizoisha, jasho la usiku, kukonda, au kuwahi kuugua saratani navyo visipuuzwe. Kifua kikuu hushambulia uti wa mgongo pia, na huku kwetu bado kipo.

Dhana: Vipimo ni safi, basi anajisingizia.

Aliyekatwa mguu anaweza kuumwa na kidole ambacho hakipo tena, na hasingizii. Mfumo wa fahamu ukizoea maumivu huendelea kuyatoa hata jeraha likishapona, na kukosa usingizi au msongo wa mawazo huyachochea zaidi. Ndiyo maana mgonjwa huandikiwa dawa ya amitriptilini kidogo usiku, anasoma karatasi ya ndani ya boksi, anakuta inatibu "sonona", yaani ugonjwa wa huzuni nzito, anaitupa: "Kumbe daktari ananiona chizi!" Dozi ya maumivu kwa kawaida ni ndogo kuliko ya sonona, na hulenga mishipa ya fahamu, hasa kwa maumivu ya kuwaka moto kama ya miguu ya wenye kisukari. Haitulizi kwa siku moja. Huchukua wiki kadhaa. Anayeandika dawa hiyo ayaseme haya kabla mgonjwa hajatoka chumbani.

Dhana: Mgongo ukiuma, lala.

Siku moja mbili, sawa. Zaidi ya hapo unadhoofika. Kosa la upande wa pili ni kuamka siku unajisikia nafuu, ukafua nguo za wiki nzima, kisha ukalala siku tatu. Chagua kiasi unachokimudu hata siku mbaya, tuseme kutembea dakika tano, uongeze kidogo kidogo. Kuuma kidogo wakati wa mazoezi hakumaanishi kitu kinavunjika.

Dhana: Sindano ndiyo dawa yenyewe.

Diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, ni ileile, iwe ya sindano au ya vidonge. Mara nyingi mtu anachomwa zahanati, anameza ya duka la dawa, na juu yake anaongeza ibuprofeni, akidhani ni dawa tatu tofauti. Zote ni za kundi moja, na matumizi ya muda mrefu huleta vidonda vya tumbo, huumiza figo na kupandisha presha.

Dhana: Mofini ni ya anayekufa.

Kwa mgongo sugu wa kawaida, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2023 haushauri dawa kali za maumivu za jamii ya mofini. Lakini kwa mgonjwa wa saratani mwenye maumivu makali, kumnyima ni ukatili. Wapo wanaoitumia kwa muda mrefu huku wakiendelea na shughuli zao. Uganda imekuwa ikitengeneza mofini ya maji ya kunywa, na tangu 2004 sheria inawaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika.