Pampu ya milioni 8 au ya milioni 15: darasa la biashara linampa nini injinia

Hoteli moja ya pwani ya mashariki, tuseme Jambiani, inataka kubadilisha pampu ya kisima. Bei mbili zimeletwa. Pampu ya kwanza ni shilingi milioni 8 na itakula umeme wa milioni 6 kwa mwaka. Ya pili ni milioni 15, ila umeme wake ni milioni 4. Tarakimu nimezipanga mwenyewe ili hesabu iwe nyepesi, lakini mjadala wenyewe ni wa kila siku hapa Unguja. Injinia aliyesoma vizuri atachagua ya pili chai yake ikiwa bado ya moto: ina ufanisi mkubwa zaidi, na kwa miaka 10 inaokoa milioni 20 kwa nyongeza ya milioni 7 tu. Mwenye hoteli anamsikiliza kwa adabu, kisha ananunua ya kwanza. Injinia anaondoka akisema matajiri hawana elimu.

Nilifanya kazi ya mitambo ya maji na umeme kwa miaka mingi kabla ya kusoma MBA, yaani shahada ya uzamili ya biashara, na kukabidhiwa umeneja. Vijana wa fani yetu, wa chuo cha ufundi cha Karume kule Mbweni na waliorudi na digrii zao kutoka Dar es Salaam, huniuliza kama njia hiyo inafaa. Huwajibu kwa pampu hiyo. Meneja huamua kwa pesa ambazo si zake, na kazi hufanyika kwa mikono ambayo si yake. Pampu inafundisha lile la kwanza.

Milioni 2 zinazookolewa kila mwaka hazina thamani moja. Za mwaka huu mwenye hoteli anaweza kuzitumia karibuni, akanunua magodoro au akapaka rangi kabla ya wageni wa Julai. Za mwaka wa kumi ziko mbali, na mengi yanaweza kutokea kabla hazijafika. Kwa hiyo watu wa fedha huzishusha kwa kiwango fulani cha kila mwaka mpaka wapate thamani yake ya leo. Tukichukua asilimia 15, milioni 2 za mwisho wa mwaka wa kwanza ni sawa na kama milioni 1.74 leo, na za mwaka wa kumi hazifiki hata laki 5. Ukijumlisha miaka yote 10, ile milioni 20 inakuwa kama milioni 10. Bado inazidi nyongeza ya milioni 7, kwa hiyo injinia yuko sawa.

Lakini pampu itaishi miaka 10? Unguja haina mito mikubwa ya kutegemea. Tunakunywa maji yaliyomo chini ya mawe ya matumbawe, na kisima cha pwani kikivutwa kupita kiasi, maji ya bahari huingia. Chuma cha pua cha daraja la 304 kikikaa kwenye maji ya chumvi huanza kutoboka vitobo vidogo vidogo; cha 316 huvumilia zaidi, nacho kina mwisho wake. Sasa rudia hesabu. Pampu ikifa mwisho wa mwaka wa tano, akiba yote kwa thamani ya leo ni kama milioni 6.7, na mwenye hoteli ameingia hasara. Ikimaliza mwaka wa sita, akiba ni kama milioni 7.57, na amefaidika. Uamuzi wote umesimama juu ya mwaka mmoja wa uhai wa pampu. Nani atakayesema kama pampu hii, kwenye kisima hiki, itaumaliza mwaka wa sita? Mhasibu hawezi, na benki haiwezi. Anayeweza ni injinia aliyepima chumvi ya kisima kile na anayekijua chuma kile.

Ndiyo maana simkubalii anayesema kusoma biashara ni kuuacha uinjinia. Hesabu ya fedha ilinionyesha ni wapi hasa ujuzi wangu wa chuma na maji unahitajika, na ni wapi nilikuwa nikijisumbua bure na tofauti ya asilimia 2 ya ufanisi ambayo haibadilishi chochote.

Hapa Zanzibar darasa likifika kwenye thamani ya fedha kwa wakati, lazima mtu anyanyue mkono aulize kuhusu riba. Ni swali zito, na mwalimu anayelipita haraka anawadhulumu wanafunzi wake. Mimi si mufti, na mwenye shaka na amuulize shekhe wake. Ninachojua ni kwamba kuna kukopesha fedha ili irudi na nyongeza, na kuna kupima kama mradi huu ni bora kuliko mradi mwingine ambao fedha hiyo hiyo ingeweza kufanya. Ile asilimia 15 ya mfano wetu si lazima iwe riba ya mtu. Inaweza kuwa faida ambayo mwenye hoteli angeipata kihalali kwa kuongeza vyumba viwili badala ya kununua pampu ghali. Wanazuoni walio wengi wameruhusu bei ya kulipa baadaye izidi bei ya taslimu, ilimradi bei moja ikubaliwe kabla ya kuachana, na murabaha inayotolewa na benki za Kiislamu, ambapo benki hununua kitu na kumuuzia mteja kwa bei ya juu zaidi ya kulipa baadaye, imejengwa juu ya hilo. Benki ya Watu wa Zanzibar ina huduma hizo. Injinia anayeandaa mradi hapa kwetu anapaswa kuujua mlango huo kama anavyoujua ule wa mkopo wa kawaida, maana kuna wateja ambao hawatakaa kwenye meza ya riba hata ukiwapa pampu ya dhahabu.

Jambo jingine la fedha linalowashangaza mainjinia ni kwamba kampuni inaweza kuwa na faida na isiwe na pesa. Wenye hoteli wanalijua hili bila ya kusoma. Aprili na Mei, masika yakishika, wapo wanaofunga kabisa, na mishahara ya wanaobaki haingojei wageni wa Juni. Ukimpelekea mtu wa namna hiyo ankara ya milioni 15 mwezi wa Mei, huna maarifa, hata kama hesabu yako imetimia. Kwa makandarasi ni kali zaidi. Unashinda zabuni, unanunua mabomba, unalipa mafundi kila Ijumaa, na mteja anazuia asilimia 5 au 10 ya malipo mpaka muda wa matazamio, wa kungojea kama kasoro itajitokeza, uishe. Mara nyingi faida yako yote imo ndani ya hizo asilimia alizozishikilia. Kuna makampuni yaliyokufa yakiwa na kazi mkononi, na kwenye karatasi yalikuwa na faida.

Na kuna vitu ambavyo havinunuliwi kwa faida. Kisiwa hiki kilikaa takriban mwezi mzima bila ya umeme wa gridi mwaka 2008, kisha kama miezi mitatu kuanzia Disemba 2009. Jenereta ya hoteli ukiipima kwa bei ya uniti haitalipa hata siku moja. Inanunuliwa kwa ajili ya siku zile.

Wako wanaoona ajabu injinia kukaa darasa moja na watu wa benki na wa utalii. Somo la usimamizi lenyewe limejengwa sana na mainjinia. Henri Fayol alikuwa injinia wa migodi Ufaransa. Mwaka 1888 alikabidhiwa kampuni yake ya makaa ya mawe na chuma ikiwa karibu kufilisika, akaiinua, na mwaka 1916 akachapisha aliyojifunza: kupanga, kuunda, kuamrisha, kuratibu, kudhibiti. Henry Gantt, ambaye chati yake ya mistari ya ratiba ya kazi imebandikwa kwenye ofisi ya kila saiti, alikuwa injinia wa mitambo Marekani. Fayol alisema kadiri mtu anavyopanda, ujuzi wa fani unapungua uzito na ujuzi wa kuongoza unazidi. Alilalamika pia kwamba vyuo vya uinjinia vya nchini kwake vinamjaza mwanafunzi hisabati na kumpeleka kazini hajafundishwa kuongoza watu. Zaidi ya miaka 100 imepita, na lalamiko hilo lingeweza kuandikwa leo hapa Mjini.

Sasa mikono ya wengine. Hapa vitabu vinasaidia kidogo, na unahitaji akili ya kwenu. Kitabu kitakwambia mpe mfanyakazi maoni yako waziwazi na kwa haraka. Vyema. Lakini una miaka 32, na fundi aliyefunga koki kinyume ana miaka 58, asubuhi umemwamkia shikamoo, na yeye ndiye anayejua mabomba ya zamani yamepita wapi kwa sababu aliyazika mwenyewe na hayamo kwenye mchoro wowote. Ukimsahihisha mbele ya vijana, umempoteza, na mabomba yake umeyapoteza pia. Unamvuta pembeni: "Mzee, hebu nisaidie, hii koki tukiigeuza hivi maji si yatakuja vizuri?" Ataigeuza, na pengine atakwambia sababu ya kuiweka vile, nawe utajifunza kitu. Kosa limesemwa, tena waziwazi, isipokuwa heshima haikuvunjika. Meneja anayedhani huo ni unafiki hajaelewa kazi yake.

Kigumu kuliko hicho ni muhali, ule uzito wa kumkatalia mtu wako wa karibu. Sote hapa tumelelewa ndani yake. Binamu anataka mwanawe aajiriwe, jirani anataka kuuza mchanga, mtu mliyesoma naye chuoni anaomba malipo yake yapitishwe leo wakati kazi haijakaguliwa. Ulipokuwa injinia wa kawaida ulikuwa na jibu jepesi: "Muone meneja." Sasa meneja ni wewe. Wazee walisema ukubwa ni jaa, na kila kitu kitatupwa kwako. Somo la mifumo ya udhibiti wa ndani na utawala bora, ambalo wanafunzi wengi hulala usingizi ndani yake, mimi naliona ndilo lenye thamani kuliko yote kwa Zanzibar. Kanuni ya bei tatu kwa kila manunuzi, kamati ya watu watatu kwenye usaili, hati ya ukaguzi yenye sahihi kabla ya malipo: kazi yake si kumkamata mwizi peke yake. Zinaubeba muhali badala yako. Humkatalii binamu yako, utaratibu ndio unaokataa, na Ijumaa mtasalimiana msikitini bila ya kuangaliana vibaya. Lakini ziandikwe kabla binamu hajaja. Zikiandikwa baada ya kuja, kila mtu atajua zimeandikwa kwa ajili yake.

Kuhusu wakati wa kwenda kusoma nina msimamo mmoja. Usiende moja kwa moja kutoka digrii ya kwanza. Darasani watakuuliza uliwahi kushindwa kulipa mishahara lini, uliwahi kumfukuza nani, na kijana ambaye hajawahi kufanya kazi hana la kuchangia wala la kupimia anayofundishwa. Fanya kazi miaka mitano hivi, ushike saiti, ugombane na stoo, ndipo uende. Mahali si tatizo kubwa tena. Vyuo vya biashara vipo hapa hapa kisiwani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shule yake ya biashara ng'ambo tu ya boti, Chuo Kikuu Huria kinakufuata ulipo, na ESAMI, taasisi ya mafunzo ya usimamizi ya Arusha, imezoea watu wazima wenye kazi zao. Wa Pemba hupata taabu zaidi ya safari, na kwao masomo ya masafa yana maana kubwa. Jina la chuo lisikushughulishe sana. Uliza kama utafiti wa mwisho unaruhusiwa kuwa tatizo la kampuni yako mwenyewe, kisha beba tatizo la kweli: upotevu wa maji kwenye mtandao wenu, spea zinazolala stoo miaka mitatu, mikataba ya matengenezo isiyo na mwenyewe.

Na kabla ya kujaza fomu na kulipa ada, muombe mhasibu wa kazini kwenu hesabu za mwaka uliopita. Kaa nazo jioni mbili. Tafuta mauzo, tafuta wanaodaiwa, tafuta pesa iliyokuwepo benki siku ya mwisho wa mwaka, na jaribu kueleza kwa maneno yako kwa nini faida na pesa hiyo havilingani. Ukishindwa kabisa, anza na kozi fupi ya uhasibu ya miezi michache, ni rahisi na utaitumia kesho yake. Ukiweza, na ukajikuta unataka kumuuliza mhasibu maswali mengine kumi, jaza fomu.