Kujizoeza kushukuru: maswali na majibu

Kushukuru kunahusiana vipi na afya?

Mwaka 2003 wanasaikolojia Robert Emmons na Michael McCullough wa Marekani walichapisha majaribio yao. Katika mojawapo, kwa wiki 10, kundi moja liliandika kila wiki mambo ya kushukuru, jingine likaandika kero. Walioandika shukrani waliyatazama maisha kwa matumaini zaidi, walikuwa na malalamiko machache ya mwili, na walifanya mazoezi kwa muda mrefu kuliko wenzao wa kero. Katika jaribio la watu wenye maradhi ya neva na misuli, walioshukuru walisema hata usingizi wao umeongezeka.

Kila usiku naandika "uhai, afya, familia" lakini sihisi chochote. Nakosea wapi?

Hili ndilo linalowakatisha wengi tamaa, nami nalielewa. Moyo huzoea. Neno "familia" likirudiwa siku kumi linakuwa kama sahihi unayotia bila kusoma. Andika tukio: "Leo mwenzangu aliniona nimechoka, akaosha vyombo bila kuambiwa." Hapo kuna mtu, kuna wakati, kuna kitendo, na ukikisoma tena unakiona.

Kisha jiulize: kwa nini limetokea? Mwanasaikolojia Martin Seligman na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2005, waliwaomba watu waandike kila jioni mambo matatu yaliyokwenda vizuri pamoja na sababu zake, kwa wiki moja tu. Miezi sita baadaye walikuwa bado na furaha zaidi na dalili chache za sonona, hasa walioendelea kwa hiari yao. Kwangu mimi, hiyo "kwa nini" ndiyo kiini cha zoezi, kwa sababu inakuonyesha mkono wa mtu nyuma ya jambo ulilodhani limejitokea lenyewe.

Nasahau. Nifanyeje?

Lifungamanishe na jambo usilolisahau, kama kupiga mswaki. Utafiti wa mwanasaikolojia Phillippa Lally, London, ulionyesha kuwa tabia mpya huchukua takriban siku 66 kukomaa, ingawa kwa wengine zilikuwa siku 18 tu, na kwa wengine makadirio yalifika siku 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Na kama kila siku inakuwa mzigo, mara moja kwa wiki inatosha kabisa.

Na nikiwa kwenye msiba au mateso?

Usijilazimishe. Shukrani haifuti uchungu, wala mtu asiitumie kukunyamazisha unapodhulumiwa. Pia si tiba ya sonona; athari yake kwenye dalili hizo kwa jumla ni ndogo. Huzuni au kukosa hamu ya mambo uliyoyapenda kukizidi wiki mbili, muone mhudumu wa afya. Ukifikiria kujidhuru, usisubiri hata siku moja.

Niandike tu, au nimwambie mhusika?

Mwambie. Tunaona haya, tunahofia maneno yatatoka vibaya. Watafiti Amit Kumar na Nicholas Epley waliligundua hilo mwaka 2018: walioandika barua za shukrani walidhani wapokeaji wataona haya kuliko ilivyokuwa kweli, na wakaikadiria furaha yao chini ya ilivyokuwa. Anza na sentensi moja: alifanya nini, na kilikusaidia vipi. "Siku ile uliponisindikiza hospitali, niliacha kuogopa."