Kutoka skuta kwenda pikipiki ya gia: uchunge mkono wa kushoto

Wengi wanaokuja kwangu hapa Dar kujifunza pikipiki ya gia wametoka kwenye skuta, na karibu wote huanza na swali lilelile: gia zinaingiaje? Gia utazizoea ndani ya siku chache. Mimi wasiwasi wangu ni mkono wako wa kushoto.

Kwenye skuta mkono huo ni breki ya nyuma. Kwenye Boxer, TVS au Honda ya gia, mahali palepale imekaa klachi, na breki ya nyuma imehamia mguu wa kulia. Sasa daladala ikusimamie ghafla pale Mwenge. Hapo hakuna kufikiri, vidole vinabana kilekile vilichozoea kubana. Ukibana klachi peke yake, injini inaachana na tairi la nyuma, na ule uzito wa injini uliokuwa unakusaidia kupunguza mwendo unapotea. Umebana ili isimame, nayo inaserereka. Papo hapo mkono wa kulia, kwa woga, unaikamata breki ya mbele kwa nguvu zote, na kama chini pana mchanga, tairi la mbele linakutoka.

Ndiyo maana siku ya kwanza nafundisha kusimama kabla ya kitu kingine chochote. Tunakwenda kiwanja cha mpira, gia ya kwanza, mwendo wa kutembea. Nikisema simama, mguu wa kulia na vidole viwili vya mkono wa kulia vinafanya kazi pamoja, ukiongeza nguvu taratibu. Klachi inabanwa mwishoni kabisa, pikipiki ikiwa inakaribia kutulia. Tunarudia mpaka mguu ushuke wenyewe bila kuambiwa. Wapo wanaonuna, maana wamelipia gia. Wanune tu.

Waliotoka kwenye skuta pia huiogopa breki ya mbele, kwa kuwa walizoea kutumia ya kushoto tu. Kwenye lami kavu hiyo ndiyo breki yenyewe: ukifunga breki uzito unakuja mbele, tairi la mbele linakandamizwa chini na kushika zaidi, la nyuma linabaki jepesi. Ibane taratibu, usiikwapue.

Kuondoka nako kuna namna yake. Skuta ina mkanda, na klachi yake inajishika yenyewe injini ikichangamka, kwa hiyo ulikuwa unavuta resi tu. Hapa unaachia klachi polepole mpaka usikie pikipiki inataka kwenda. Hapo unatuliza vidole, unaongeza resi kidogo, ndipo unamalizia kuachia. Hiyo ndiyo balansi. Usiogope kuitumia, maana klachi ya pikipiki nyingi hizi inaoga oili na inavumilia kuteleza kwa muda mfupi. Ukigeuza kwenye kichochoro, shika balansi, gusa breki ya nyuma, na breki ya mbele iache kabisa wakati usukani umekunjwa.

Mlimani ndipo watu wanapoangushwa bila hata kuwa kwenye mwendo. Kwenye skuta ulisimama na miguu yote miwili chini, breki zikiwa mikononi. Kwenye miinuko ya Goba na Boxer, mguu wa kulia unabaki kwenye breki, wa kushoto peke yake ndio unaobeba. Kwa hiyo kabla ya kununua, ikalie pikipiki uone kama mguu huo mmoja unafika chini vizuri. Bei nzuri haitarefusha mguu.

Mpangilio wa gia nao haufanani. Kuna pikipiki ambazo gia zote zinakanyagwa upande mmoja, na nyingine gia ya kwanza iko chini na zilizobaki zinapandishwa juu. Ukiazima ya mtu, muulize kabla hujawasha.

Faida utaiona kwenye barabara mbovu. Skuta nyingi zina rimu za inchi 10 au 12, hizi ni 17 au 18, na tairi kubwa linapita juu ya shimo ambalo tairi dogo lingetumbukia. Injini pia iko katikati badala ya kulundikana nyuma, na tenki unaweza kulibana kwa magoti.

Jambo moja la gereji: oili iliyobaki ya skuta usiimiminie pikipiki. Soma kopo. Ya skuta mara nyingi imeandikwa JASO MB (JASO ni alama ya viwango vya oili vya Kijapani), ambayo ni telezi zaidi. Pikipiki yenye klachi ndani ya oili inataka JASO MA au MA2. Ukiweka MB, klachi inaweza kuanza kuteleza, resi inapanda na mwendo hauji, na fundi asiyeuliza atakuuzia klachi mpya.

Na leseni. Hapa Tanzania daraja A1 ni la pikipiki zisizozidi cc 125, kwa hiyo mwenye skuta ya cc 110 akihamia Boxer ya 100 au TVS ya 125 bado yumo humo. Boxer ya 150 inataka daraja A, na hilo lishughulikie kabla hujalipa dukani.